Umri wa Ngitili: Subira katika Sera za Taifa

Mhadhara kwa wananchi wa Mwamanyili, wilayani Busega, mkoani Simiyu



Mhadhara huu unahusu muda. Sera ya taifa huhitaji miaka mingapi mpaka izae matunda, na katika miaka hiyo nani huilinda? Madhumuni ni kuonyesha kwamba matatizo makubwa ya nchi huzidi umri wa bajeti, huzidi umri wa mradi, na mara nyingi huzidi kipindi cha kiongozi aliyeahidi kuyamaliza. Ardhi iliyochoka, soko la pamba na maji ya kunywa yote yako hivyo. Subira inayotakiwa hapo ni kazi: kushikilia jambo moja kwa miongo kadhaa huku likirekebishwa. Mifano mingi itatoka Usukumani, kwa sababu nchi hii imeona sera zilizovumiliwa na sera zilizokatwa njiani, na wapo wazee humu ukumbini walioziona zote mbili kwa macho.

Hoja ya kwanza: matatizo mengi ya leo ni majibu ya haraka ya jana

Katika miaka ya 1920 adui mkubwa wa mfugaji wa Shinyanga alikuwa mbung'o. Serikali ya Waingereza ilimpa kazi ya kupambana naye Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga. Njia mojawapo iliyotumika ilikuwa kufyeka pori. Watemi waliita watu wao kwa maelfu, na vichaka vikaondolewa eneo baada ya eneo. Kazi ilifaulu. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakahamia katika ardhi mpya na kulima pamba.

Aliyehesabu mbung'o aliridhika. Hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu miti. Ilipofika miaka ya 1940 udongo ulikuwa umechoka katika sehemu nyingi, na mwaka 1947 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kutia samadi na kupunguza mifugo. Asiyetii alitozwa faini. Mabwana shamba wa wakati ule hawakukosea katika kila jambo: matuta yaliyofungwa huzuia maji yasikimbie na udongo, na samadi ni samadi. Walilokosea ni saa. Walitaka mkulima abadilike kabla hajaona faida kwa macho yake, na kwa kuwa hakubadilika upesi, walimpeleka barazani. Malalamiko hayo yakawa kuni za siasa. Serikali ilipokizuia chama cha TANU kufanya kazi Usukumani tangu mwaka 1954, ilikuwa inazima moto iliouwasha yenyewe. Uhuru ulipokuja, wengi waliyaacha matuta kwa sababu yalinuka faini, na ushauri mzuri ukazikwa pamoja na amri mbaya.

Miaka hiyohiyo, upande mwingine wa nchi, mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulianzishwa mwaka 1947 bila kwanza kupima mvua na udongo kwa misimu ya kutosha. Ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Hapo hapahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1974 zamu ilikuwa ya serikali huru. Operesheni Vijiji ilikusanya watu waliokuwa wametawanyika ili wapate shule, zahanati na maji, na nia hiyo haiwezi kudharauliwa: shule nyingi za msingi za mkoa huu zilianza katika miaka hiyo. Lakini Msukuma aliyehamishwa aliacha nyuma itongo lake, mahali ambapo yeye na baba yake walijua kila pembe ni ya kulima, ya kulishia au ya kuacha. Kijiji kipya kilipimwa na watu wasiojua udongo wa mbuga uko wapi na wa isanga uko wapi. Kati ya vitu vilivyokufa kimya kimya katika uhamisho huo kilikuwepo kimoja ambacho hakuna aliyekiandika katika taarifa yoyote ya operesheni.

Hoja ya pili: kitu kilichokufa kimya kimya kilikuwa ngitili, na kilifufuka kwa miaka kumi na minane

Vijana wa mjini huenda hawalijui neno hili. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na kukauka zikiwa zimesimama, kisha hufunguliwa kiangazi kikali ili ndama, maksai wa plau na ng'ombe wazee au wagonjwa wapate cha kula mpaka mvua zirudi. Ni akiba. Familia ilikuwa na yake, na ukoo au kijiji kingeweza kuwa na yake. Aliyechunga ndani ya ngitili ya mwenzake wakati imefungwa alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wazee.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo wakati ule ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, iliitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na pasipokuwa na kuni, samadi iliyopaswa kwenda shambani ilikwenda jikoni. Mwalimu Nyerere alipoizuru nchi hiyo alishtuka. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa fedha za serikali na msaada wa Norway, na baadaye utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF.

Inafaa kukaa kidogo katika miaka ya mwanzo ya HASHI, kwa sababu wasimulizi huipita mbio. Mpango ulianza kama miradi yote inavyoanza: bustani za miche za serikali, malori, na miti ya kigeni ikigawiwa vijijini. Miche mingi iliishia kwa mchwa, kwa mbuzi na kwa jua. Kama mpango ungepimwa katika mwaka wake wa tatu kwa kuhesabu miche iliyo hai, ungefungwa, na pengine kwa haki. Haukufungwa. Wataalamu waliendelea kukaa na wanakijiji, na katika mazungumzo hayo wakasikia habari za ngitili. Wakakumbuka pia jambo ambalo mchungaji yeyote analijua: mgunga uliokatwa haujafa. Chini ya ardhi ile iliyoitwa jangwa vilikuwemo visiki hai. Havikuhitaji kupandwa. Vilihitaji kuachwa, na mtu wa kuvilinda.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, zikiwa katika vijiji 833. Mpango ulifungwa mwaka 2004. Tangu kuanza hadi kufungwa kwake kuna miaka kama kumi na minane, marais wawili, mageuzi ya uchumi na kuingia kwa vyama vingi, na katika yote hayo hakuna aliyeubadilisha mpango jina ili aonekane ameanzisha lake.

Kwa nini watu walingoja safari hii, wakati babu zao walikataa matuta? Jibu la mhadhara huu ni kwamba ngitili humlipa mwenye kungoja kwa awamu. Nyasi hurudi kwa msimu mmoja wa mvua. Baada ya miaka michache matawi ya kuni yanapatikana, pamoja na asali, mizizi ya dawa na ukwaju wa kuuza sokoni. Nguzo za kujengea hutaka zaidi ya muongo. Aliyefunga ekari mbili mwaka 1990 hakuombwa afunge mkanda mpaka mwaka 2005. Maksai wake walilima vizuri mwaka 1991. Sera isiyo na nyasi za msimu wa kwanza itapata wafuasi wachache, hata kama nguzo zake ni nzuri namna gani.

La pili ni ulinzi. Ngitili hazikulindwa na askari wa misitu kutoka wilayani. Zililindwa na dagashida, baraza la jadi linaloweka sheria na faini, pamoja na sungusungu, ambao walikwisha kujijengea heshima tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa kupambana na wezi wa ng'ombe. Sungusungu wana matatizo yao, na mahakama imewahi kuyaona. Hilo ni somo la siku nyingine. Lakini baraza la wazee halina kipindi cha miaka mitano. Mzee mmoja hufa, mwingine hukaa palepale, na kanuni hubaki ileile. Sheria za nchi zilifika baadaye: Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zilikipa kijiji nguvu ya kumiliki na kuhifadhi msitu wake. Zilikuta jambo linatendeka, zikalipa karatasi. Mpangilio huo, desturi kwanza na sheria baadaye, ulikuwa kinyume kabisa cha ule wa 1947.

Wasikilizaji wa hapa watauliza mbona HASHI haikufika Mwamanyili. Wakati ule Busega ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Iliingia Simiyu mkoa mpya ulipoundwa mwaka 2012. Mpango ulifuata mpaka wa mkoa. Mbuzi hawakuufuata.

Hoja ya tatu: pamba inaonyesha gharama ya kubadilisha njia kila baada ya miaka michache

Mkulima wa Bariadi aliyezaliwa mwaka 1950 na kurithi shamba la pamba la baba yake ameuza kwa nani? Akiwa kijana mdogo alimwona baba yake akipeleka pamba katika chama cha msingi kilichokuwa chini ya shirikisho la ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1973 ikaja Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1994 soko likafunguliwa, wafanyabiashara binafsi wakaja na mizani zao na jineri zao. Mwaka 2001 ikatungwa sheria mpya ya pamba na kuundwa Bodi mpya. Muongo uliofuata ukaleta kilimo cha mkataba, kikasifiwa, kikalaumiwa, kikaachwa. Mwaka 2018 mkulima huyohuyo, sasa mzee wa miaka 68, akaambiwa apeleke pamba yake kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi.

Kila badiliko lilikuwa na sababu. Vyama vikuu vilikuwa na wizi na madeni. Mamlaka ilichelewesha malipo. Wafanyabiashara walilipa taslimu, lakini baadhi ya mawakala walichezea mizani, na wakulima nao wakajibu kwa maji na mchanga ndani ya marobota. Tatizo haliko katika kubadilika. Liko katika kung'oa mfumo mzima kila palipoonekana kasoro, badala ya kuondoa kasoro na kuacha mzizi. Mwizi wa ushirika angeweza kushtakiwa. Kilichofanyika ni kuuvunja ushirika.

Kilichoumia zaidi ni mbegu. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimekuwa kikizalisha aina za pamba tangu miaka ya 1930, na ndiyo maana majina yake huanza na UK, kama UK91. Kupata aina moja mpya inayostahimili wadudu na magonjwa huchukua muongo au zaidi wa kuchavusha, kuchagua na kujaribu. Baada ya hapo mbegu huzalishwa kwa hatua, kanda baada ya kanda, na kila kanda ilitakiwa ichambue pamba yake peke yake ili mbegu isichanganyike. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, pamba ilianza kuvuka kanda kufuata bei, na jineri zikachanganya mbegu. Utaratibu uliojengwa kwa nusu karne ulilegea ndani ya misimu michache. Waliofungua soko walikuwa na hoja nzuri kuhusu bei. Kuhusu mbegu hawakuwa na hoja mbaya. Hawakuwa na hoja yoyote.

Mavuno yalipanda hadi kiasi cha tani 376,000 za pamba mbegu katika msimu wa 2005/06, kisha yakaanguka hadi kiasi cha tani 130,000 msimu uliofuata. Hali ya hewa na bei ya dunia vina sehemu kubwa katika mwanguko wa namna hiyo, na si haki kuubebesha uongozi peke yake. Hata hivyo mkulima asiyejua mwakani atauza kwa utaratibu gani hawezi kuweka fedha katika samadi, dawa na palizi ya tatu. Hulima eneo kubwa kwa gharama ndogo, au huhamia dengu na choroko. Hiyo nayo ni akili; ni akili ya mtu aliyezoea kuhamishwa.

Hoja ya nne: maji yamengojewa kwa njia mbili, na moja tu ndiyo subira

Kutoka Mwamanyili hadi Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria si mbali. Kutoka hapo hadi Bariadi na Meatu, ambako visima hukauka, si mbali vilevile kwa bomba. Umbali mrefu ulikuwa wa kisheria. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba bila ridhaa ya Misri hakuna kazi itakayofanywa katika mito na maziwa yanayolisha Nile, kwenye nchi zilizotawaliwa na Waingereza, ikiwa itapunguza maji yanayofika huko. Mwaka 1962 Tanganyika ya Nyerere ilitamka kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Ilikuwa karatasi tu. Hakukuwa na bomba wala fedha. Lakini msimamo haukuachwa. Mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009. Mkataba wa Entebbe wa nchi za bonde la Nile ulitiwa saini mwaka 2010, Tanzania ikiwemo, na ukaanza kutumika Oktoba 2024. Miaka sitini na miwili ya kusema jambo lilelile kwa serikali sita tofauti, bila vita na bila kurudi nyuma. Wanadiplomasia waliofanya kazi hiyo wengi hawajulikani kwa majina hata na wanafunzi wa chuo.

Njia ya pili ya kungoja ni hii. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Pampu na mabomba yalifungwa kwa wingi. Mwaka 1991 ulipofika, sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imekufa, kwa kukosa dizeli, vipuri na mtu wa kuwajibika. Lengo lilikuwa la muda mrefu, ila mpangilio wa fedha ulikuwa wa siku ya uzinduzi. Miaka ishirini ilihesabiwa bila kufanyiwa kazi. Huko hakukuwa na subira hata kidogo, ingawa tarehe ilikuwa ya mbali.

Hoja ya tano: subira ina gharama, na anayeilipa ni lazima atajwe

Kanga nyingi zimeandikwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali haisemi nani atafukuza nyani wakati tunda linaiva, wala haisemi kama aliyelinda ndiye atakayekula. Katika ofisi za umma maneno ya subira husemwa zaidi na aliyeshiba kumwambia mwenye njaa. Mama wa Itilima anayechimba mchanga wa mto mkavu apate ndoo moja hawezi kuambiwa angoje. Kipindupindu hakingoji, wala mtoto anayehara.

Kwa hiyo neno hili lifungwe mipaka. Subira inahusu mwelekeo wa sera. Haihusu wajibu wa kila siku. Bodi inaweza kuomba miaka kumi ya kusafisha mbegu, lakini haiwezi kuomba miezi minne ya kumlipa mkulima pamba aliyokwisha kupimiwa. Mamlaka ya maji inaweza kuomba muda wa kutandaza bomba, na papo hapo inadaiwa kisima kirefu cha kuvusha watu. Anayechelewa kwa uzembe na anayeendelea polepole kwa makusudi wanaweza kufanana kwa mbali; wakikaribiwa, wa pili ana daftari linaloonyesha mwaka jana alikuwa wapi.

Ngitili zenyewe zinalipa gharama. Sensa ya 2012 ilikuta Simiyu watu 1,584,157. Ya 2022 ikakuta 2,140,497. Baba mwenye ngitili ya ekari sita na wana watano ana hesabu ngumu, na mwana wa mwisho mwenye sehemu yake ndogo huona shamba la pamba au tanuri la mkaa kabla ya kuona akiba ya maksai. Kumhimiza ahifadhi bila kumpa faida ya kuhifadhi ni kurudi mwaka 1947 kwa lugha ya upole.

Kuhusu miaka inayokuja

Julai 2025 taifa lilizindua Dira ya 2050. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Mwamanyili mwaka huo atakuwa na miaka kama thelathini na miwili dira hiyo itakapokomaa, yaani umri wa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Mambo matatu yatakayomkuta yanaamuliwa sasa, katika vikao vidogo. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji vya Busega inaweza kuziandika ngitili zilizobaki, kila moja na mwenye kuilinda na kanuni ya mirathi, kabla hazijakatwa vipande. AMCOS zinaweza kudai kwamba mbegu ya kanda yao ibaki ya kanda yao, hata msimu ambao jirani anatoa bei nzuri zaidi. Na yapo maji.

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipitisha mwaka 2017 fedha za mradi wa kutoa maji ziwani, upande wa Busega, kuyapeleka hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, na ilipita miaka kadhaa kabla ya ujenzi kuanza. Siku ya uzinduzi itakuwa na ngoma, na inastahili. Kikao kitakachoamua kama bomba hilo litakuwa hai mwaka 2050 kitakuwa kingine: kile cha chombo cha maji cha kijiji, pengine mwaka wa tatu baada ya ngoma, wakati mhazini atakapoulizwa kwa mara ya kwanza kama fedha ya kununua pampu mpya imewekwa benki, na pampu ya zamani bado inafanya kazi.